Akina Mbambu Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimevinunua Kasese mjini kwa ajili ya siku hiyo, maana chuoni tulifundishwa kwamba mtu wa maabara ni mtu wa usafi. Zahanati niliyopangiwa ilikuwa ndani ya kambi ya jeshi, na kutoka getini hadi mlangoni kulikuwa na tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Mkuu wangu wa kwanza, Sajini wa Maabara, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Wewe nakuja kazi ama nakuja harusi?"

"Kazi, afande."

"Basi toa hiyo viatu. Weka mbali. Kuja."

Nikaanza utumishi wangu wa miaka thelathini na kitu nikiwa peku.

Sajini alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mkali, asiye na cheti chochote. Kazi alijifunzia jeshini, na alinifundisha mambo ambayo chuo kizima kilikuwa hakijanifundisha. Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza kulifuata jua dirishani, na wingu likipita unasubiri. Wingi wa damu, yaani hemoglobini, tuliupima kwa macho: unaweka damu kidogo kwenye kichupa chenye asidi, inageuka kahawia, kisha unaongeza maji tone kwa tone mpaka rangi ifanane na kigae cha kioo kilichosimama pembeni. Ninyi vijana wa maabara wa leo mnabonyeza kitufe na karatasi inatoka. Siwaonei wivu, ila sitaki mdhani sisi tulikuwa tunabahatisha.

Kabla ya saa sita siku ile nilimpelekea vichupa vitano vya damu. Zahanati ilitibu askari na familia zao, na wanawake wa vijiji vya jirani pia. Nilikuwa nimeviandika vizuri kwa wino: Masika, Biira, Biira, Kabugho, Masika. Sajini alivipanga mezani, akavitazama kwa muda mrefu.

"Biira iko nani?"

"Hawa wawili, afande. Na mimi pia ni Biira."

Ikanibidi nimweleze. Kwetu sisi Wakonzo mtoto hupewa jina kulingana na alivyofuatana na wenzake kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, na wavulana nao wana safu yao. Kila nyumba ina Biira wake. Ukisimama sokoni Bwera ukaita jina langu, nusu ya wauza nyanya watageuka.

"Kumbe nyinyi nahesabu watoto kama risasi," akasema. "Sasa risasi namba mbili iko mbili. Mimi napiga na gani?"

Akavimwaga vichupa vyote vitano kwenye ndoo. Nilirudi kwa wale wanawake, nikawaomba radhi, nikawachoma upya, huku mmoja akinisonya waziwazi. Kuanzia hapo sheria yake ikawa hii: jina, jina la baba, kijiji na namba ya kitabu, vyote viandikwe kwenye kichupa kabla sindano haijaingia, na mgonjwa asomewe kwa sauti akubali kwamba ndiye. Kwa miaka yote niliyokaa naye sikumwona akiivunja hata mara moja. Alikuwa akiwasomea hata makanali.

Kutoka kambini nilihamia kliniki ya kando ya barabara pale Kikorongo, njia panda ambapo malori hupumzika. Kazi ilikuwa malaria na kisonono, kisonono na malaria, na madereva waliotaka majibu kabla utingo hajamaliza kula. Mganga Mkuu wa pale alikuwa mpole kupita kiasi na sina la kumsema. Nilikaa miaka michache, nikaolewa, nikaomba kurudi nyumbani.

Nyumbani ni Bwera. Nilipata kazi katika kituo cha afya cha misheni nje kidogo ya mji, kuelekea mpakani, na jina lake nitaliacha. Msimamizi wake alikuwa mtawa, tulimwita Sista Msimamizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini iliyokufanya uegemee mbele kumsikiliza. Hapo ndipo nilipofanya kazi iliyonizeesha, na hapo ndipo nilipokosea.

Nianze na kazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyokuwa ikituulia mama zetu, nao walikuwa wakija wamechelewa, wakivuja damu, wakiwa wameficha kwa mwaka mzima kwa sababu ya aibu. Ugonjwa huu huanza na kirusi kiitwacho HPV, kinachoingia kimya na mara nyingi hutoka chenyewe. Kikikaa, huharibu seli polepole, miaka na miaka. Kwa hiyo nafasi ya kuuwahi ipo, na ni kubwa. Wauguzi walipaka siki kwenye mlango wa kizazi. Sehemu iliyoharibika hugeuka nyeupe, nao wakiiona huiunguza mapema. Ile ambayo tayari ilikuwa uvimbe, walikata kinyama kidogo, mimi nikakitia kwenye formalini ili kisioze, nikakipeleka kwa basi kwenye maabara kubwa ya mbali.

Baada ya hapo zamu ilikuwa yangu, zamu ya alama. Namaanisha vitu vilivyomo ndani ya damu au nyama ya mgonjwa vinavyokuambia matibabu yatamshika au hayatamshika. Nyingine ni za kitaalamu sana, lakini nyingine hata kituo kidogo kinaweza kuzipima. Hemoglobini ni mojawapo. Mwenye damu kidogo hupata faida ndogo ya mionzi inayochoma uvimbe, kwa sababu uvimbe usiopata hewa ya kutosha huwa mgumu kuua. Hali ya VVU ni nyingine. Ya tatu ni kreatinini, takataka ya damu ambayo figo huisafisha. Ikipanda, figo zimeelemewa, na kwa mgonjwa wa saratani hii mara nyingi maana yake ni kwamba uvimbe umesambaa mpaka umebana mirija ya mkojo. Tena dawa ya dripu inayotolewa pamoja na mionzi huumiza figo, kwa hiyo mwenye kreatinini ya juu hapewi. Namba moja tu hiyo, na safari ya mtu inageuka.

Sasa nikiri jambo. Pale Bwera niliacha sheria ya Sajini. Sikuiacha siku moja. Niliacha jina la baba kwanza, kisha kijiji, na kuwasomea watu kwa sauti nikaona ni mbwembwe za jeshi. Nilikuwa nawafahamu wote. Nilisoma na dada zao, nilisali nao, najua nani shemeji ya nani. Nilijivunia jambo hilo, na muuguzi mgeni akiniuliza "Mbambu yupi?" nilimcheka.

Asubuhi moja walikuja akina Mbambu wawili. Wa kwanza alikuwa bibi wa mlimani mwenye shinikizo la damu, aliyeletwa na mjukuu wake kupimwa figo. Wa pili nilimwita Mama Evelina, kwa jina la binti yake wa mwisho. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge sokoni Mpondwe, umri wa kati, kelele nyingi, mcheshi. Nyama yake ilikuwa imerudi na jibu la saratani, lakini Daktari wa Wanawake aliyetujia kutoka Kasese mara mbili kwa mwezi alimpima kwa mkono akasema haijafika mbali, na akitumwa Kampala kwenye mionzi na dripu ana nafasi nzuri ya kupona. Kilichobaki kilikuwa damu tu. Niliwachoma wote wawili, nikaandika Mbambu na Mbambu, nikaviweka vichupa kwenye mashine ya kuzungusha, na nilipovitoa nikajiambia najua kipi ni cha nani.

Kreatinini ya Mama Evelina ilitoka juu sana. Daktari wa Wanawake aliitazama karatasi, akakunja uso. Mashine ya picha ya kuangalia figo ilikuwa mbovu mwezi huo, kwa hiyo karatasi yangu ndiyo iliyokuwa macho yake.

"Basi nilimpima vibaya," akasema. "Uvimbe umeshabana mirija. Kumpeleka Kampala ni kumtesa njiani."

Akampa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akamweleza kwa upole mkubwa. Mama Evelina aliniaga dirishani bila mzaha wowote. Alikwenda kwa kaka yake Kasindi, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto wa mpakani, akapumzike kwa watu wake.

Wiki tatu zikapita. Yule bibi wa mlimani, ambaye karatasi yake ilisema figo safi kama za msichana, akarudishwa miguu imevimba, hapumui vizuri. Mganga aliyekuwa zamu alinijia na ile karatasi, akaniita Musawo, yaani mtabibu, kama watu wote wa pale.

"Musawo Biira, hii miguu na hii namba havikai pamoja. Rudia."

Nilirudia. Namba iliyotoka nilikuwa nimekwisha kuiona. Nilifungua kitabu, nikafuata kwa kidole mpaka siku ile, nikaona Mbambu na chini yake Mbambu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimemhukumu mtu kufa kwa figo za mtu mwingine.

Nilikwenda ofisini kwa Sista Msimamizi, nikamweleza nikiwa nimesimama. Kisha nikasema jambo ambalo mpaka leo linanitia haya. Nilisema tungeweza kumtumia Mama Evelina ujumbe aje kwa kipimo cha kurudia tu, kama kawaida, bila maelezo mengi.

"Na akikuuliza kwa nini?" akasema.

"Nitasema mashine, Sista."

"Mashine ilikosea?"

"Hapana."

"Umemwambia nani mpaka sasa?"

"Wewe tu, Sista."

"Mimi siumwi. Nenda kamwambie anayeumwa. Leo."

Nilivuka mpaka pale Mpondwe mchana huo huo, katikati ya wabeba magunia. Nyumba ya kaka yake niliioneshwa na muuza mikate. Mama Evelina alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, amepungua, kitambaa kichwani, anachambua maharage. Binti yake Evelina, aliyepaswa kuwa shuleni kidato cha nne, alikuwa anafua.

"Musawo," akasema. "Na huku wananitumia sindano?"

Nilipiga magoti. Nikamwambia kwamba ile damu haikuwa yake. Nikamwambia ni mimi, si mashine, si daktari. Kwamba figo zake huenda ni nzima na nafasi ya Kampala huenda bado ipo, ila lazima twende sasa, maana wiki zake tatu nimeshazila.

Nilitegemea alie au anikumbatie, kama watu wa kanisani wanavyosimulia ushuhuda. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliendelea kuchambua maharage mpaka mkono ukasimama.

"Ngoja nisikie vizuri," akasema. "Mi nilishagawa vitu. Masufuria niligawa. Vitenge niligawia badada zangu. Fasi yangu ya soko, wifi yangu njo anauzishaka mule viatu. Uyu mutoto nilimutoa masomo juu anioshe. Ile vitu itarudi, ni vitu. Lakini mi nilishaaga batoto, Musawo. Mumoja mumoja. Nilibaita, nikabaaga. Ile utarudisha namna gani?"

Kaka yake alitoka ndani akaanza kunifokea, na alikuwa na haki. Ni yeye Mama Evelina aliyemkatiza. "Acha. Utamupiga kesho. Leo atanivusha mupaka."

Kituoni hakukubali kuchomwa mpaka niliposoma kwa sauti yale maandishi yote: Mbambu, binti wa nani, wa kijiji gani, namba gani. Kisha akasema nichukue mara mbili, mkono huu na mkono huu. Nilipima mara mbili mbele yake. Figo zake zilikuwa nzima.

Lakini wiki tatu zile zilimgharimu. Alikuwa amevuja damu muda wote huo, na hemoglobini ilikuwa imeshuka mpaka mahali ambapo mionzi isingemsaidia ipasavyo. Kaka yake yule yule wa kunifokea alitoa damu, na mpwa wake, na nikapima tena, na tena. Sikumwachia mtu mwingine vichupa vyake. Daktari wa Wanawake alimchunguza upya, akakuta uvimbe umekua ila haujashika ukuta wa nyonga. Akaniambia, "Andika barua ya Kampala. Wewe uandike, mimi nitasaini." Niliandika mpaka jina la kijiji cha babu.

Alikaa Kampala wiki nyingi, mionzi siku za kazi na dripu mara moja kwa wiki. Alirudi ngozi ya tumbo imekuwa nyeusi, mwembamba, lakini havuji. Evelina alirudi shuleni, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Yule bibi wa mlimani alianzishiwa dawa zake sahihi akaishi kwa muda akiwa na nafuu, na nilikuwa nakwenda kumwona milimani kila nilipoweza. Alipofariki nilikaa matangani na familia yake, ambao niliwaeleza ukweli pia. Hilo nalo ni mzigo wangu.

Sheria ya Sajini niliirudisha siku ile ile, na niliibandika ukutani kwa herufi kubwa. Wafanyakazi vijana walinung'unika kwamba foleni inakuwa ndefu. Niliwaambia foleni ndefu haijamuua mtu.

Miaka ilikwenda. Mama Evelina alikuja kuangaliwa kila miezi mitatu, baadaye kila sita, kisha mara moja kwa mwaka. Hakuwahi kunipigia soga dirishani kama zamani. Alinyoosha mkono, nikasoma kwa sauti, akaitikia, akaenda zake. Karibu na mwisho wa utumishi wangu alikuja daktari kijana aliyekuwa akichunguza vinyama vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye nta. Alivipaka rangi ya kutafuta protini iitwayo p16, ambayo hujaa ndani ya seli zilizotekwa na kirusi. Alinionesha cha Mama Evelina kwenye hadubini yenye taa kali, kahawia tupu ukingo hadi ukingo. Aliniambia uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huitikia mionzi vizuri kuliko ule usio na rangi, ingawa alama si ahadi. Nilitazama kile kipande mpaka macho yakauma. Kumbe mwili wake ulikuwa tayari kupona tangu mwanzo, na kilichosimama njiani kilikuwa mwandiko wangu. Hatimaye Daktari wa Wanawake akamwambia haoni tena dalili ya ugonjwa, na mwaka huo huo nami nikastaafu. Walinifanyia sherehe yenye soda na hotuba. Mama Evelina hakuja, na sikumtegemea.

Sasa nakaa kwangu, napalilia kahawa, na vijana wa maabara hunijia kuuliza hiki na kile. Wengi huniuliza uzoefu umenifunza nini. Umenifunza kwamba aliyezoea ndiye wa kuchungwa. Mgeni huuliza, mimi niliyejua kila mtu ndiye niliyekosea. Nafurahi sana na mashine zenu na vibandiko vyenu vya mistari. Nafurahi zaidi kuona wasichana wadogo wakichanjwa shuleni dhidi ya kile kirusi, na wanawake wakijichukulia sampuli wenyewe nyuma ya pazia kwa kijiti laini, bila kuvuliwa na mtu. Mambo yanakwenda mbele, nimeyaona kwa macho yangu.

Mwaka jana, asubuhi, Mama Evelina alisimama kwenye uga wangu. Nyuma yake alikuwa Evelina, mwanamke mzima sasa, mwalimu wa shule ya msingi, amenuna.

"Uyu anaogopa kipimo," akasema. "Nilimuambia tutaenda na weye."

"Nimestaafu, Mama Evelina. Kuna vijana wazuri pale."

"Najua. Vaa viatu."

Tulitembea watatu mpaka kituoni. Evelina alijichukulia sampuli mwenyewe, na mama yake akasimama mlangoni mwa maabara mpaka kijana aliposoma jina lote kwa sauti. Kirusi kilipatikana. Nilimwona Mama Evelina akishika ukuta. Muuguzi alipaka siki, akaona alama ndogo nyeupe, isiyofika popote, akaiunguza kwa kifaa cha joto hapo hapo. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Evelina alitoka anatembea mwenyewe, akiuliza kama anaweza kuwahi kipindi cha mchana.

Mama Evelina alikaa kwenye benchi kando yangu.

"Mi ningali na kasirani na weye," akasema.

"Najua."

"Ile kuaga batoto, ningali naiota." Akafunga kitambaa chake upya. "Lakini mutu wa kunidanganya asingevuka muto. Kwa uyu mutoto wangu, nataka mutu wa kuvuka muto."

Akamshika binti yake mkono, na ule mwingine akanipa mimi nimwinue.